Maneno Yaliyokatwa Mwanzo

Tseikuru,
Jumapili, baada ya ibada

Mwaitu mpendwa,

Mguu unaendeleaje? Mdogo wangu Mutheu aliniambia siku hizi unashuka mpaka barabarani bila fimbo, nikamshukuru Mungu, lakini nakuomba, mama, usibebe machungwa mgongoni tena. Mimi huku sina ugonjwa. Jua ni kali na maji ni ya kupanga foleni, ila watu wa nyumba ninayokaa ni wema kwangu.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako inashikwa na kila mtu. Tafadhali isome mwenyewe, na uifikishe mwisho.

Unajua kazi yangu ni kukaa katika maktaba ya chuo na kuangalia zile kompyuta nne. Mwanafunzi akipewa swali na mwalimu, hulichapa lote kama lilivyo, mpaka alama ya kuuliza. Majibu yanakuja mengi, moja chini ya lingine, naye huchukua la juu. Mara nyingi hata halifungui, maana mtandao wetu ni mzito. Husoma ile mistari miwili midogo iliyo chini ya kichwa, ananakili, anaenda zake. Mwanzoni nilikuwa nawasumbua: "Fungueni, msome ukurasa mzima." Musyoka, mcheshi wao, akanijibu, "Dada karani, hata Biblia tunasoma mstari mmoja mmoja!" Wakacheka, nami nikacheka. Baadaye nikaacha kuwasumbua.

Kulikuwa na msichana mmoja tofauti, Halima. Baba yake ni mfugaji, huuza mbuzi soko la hapa. Yeye alikuwa akifungua kurasa tatu, nne, analinganisha. Siku moja walipewa swali kuhusu dawa ya minyoo ya mbuzi. Saa kumi na moja ilikuwa inakaribia, na kioski cha maji hufungwa mapema. Ukurasa wake ulizunguka tu, haufunguki.

"Dada, ningoje kidogo? Haya maneno yameanza na nukta nukta, sioni mwanzo wake."

"Halima, si yanaonekana hapo? Andika hayo uende. Nafunga."

Mwaitu, mimi ndiye niliyesema hivyo.

Maneno yenyewe yalikuwa haya: "...kuwapa mbuzi wenye mimba changa dawa hii ya minyoo, hata wakionekana dhaifu." Jioni alimsomea baba yake, kwa sababu mbuzi wao walikuwa wamekonda na dawa ilikuwa nyumbani. Mzee akawapa. Mbuzi tisa wakaharibu mimba. Nilikuja kuufungua ule ukurasa asubuhi moja mtandao ulipokuwa mwepesi. Sentensi inaanza, "Ni hatari." Maneno mawili tu ndiyo yaliyokatwa.

Mzee alikuja chuoni. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mnamfundisha mtoto wangu nini hapa?" Mkuu wa chuo akaniambia niandike taarifa. Niliandika kwamba mwanafunzi hakufungua ukurasa, alinakili mistari iliyoonekana, akaondoka. Kila neno ni kweli. Nilikata mwanzo tu, kama ile kompyuta. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na nilikukumbuka ulivyosimama kanisani Kilungu kutangaza kwamba mwanao Ndinda amepata kazi.

Siku tatu zikapita. Nikaandika taarifa nyingine, kamili, nikampelekea mkuu. Aliutazama mstari wa kwanza, wenye jina langu na cheo changu. "Hii si ndiyo ile ile? Iko kwenye faili tayari." Akanirudishia. Ningeweza kumwambia si ile ile. Nilisema, "Asante, mwalimu," nikatoka.

Alhamisi Halima alileta fomu ya kuondoka chuoni. Baba yake amesema masomo hayo yanatosha. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mkuu nilichomwambia siku ile.

"Ungefukuzwa, dada. Halafu nani angebaki kutuambia tufungue ukurasa?"

Nikatia sahihi. Fomu inasema: "Maktaba haimdai mwanafunzi huyu chochote." Hakuna nafasi ya kuandika kwamba yeye ndiye anayeidai maktaba.

Usiniambie nirudi kwa mkuu. Najijua, nitafika mlangoni nigeuke. Siku hizi kwenye kompyuta ya Halima, ile ya karibu na dirisha, anakaa Musyoka. Juzi alinakili mistari yake miwili, kisha akaniangalia, kana kwamba anangoja niseme neno. Nikatazama saa.

Nisalimie mjomba Mutua, fundi wa viatu, na shangazi anayepika chai ya kanisa. Mwambie Mutheu kwamba akisoma jambo lolote, atafute lilipoanzia. Na akina mama wa kanisa wakiuliza habari zangu, waambie niko kazini. Hilo pia ni kweli.

Mwanao,
Ndinda