Mwenye Kibangwa Kwenye Picha

Ujerumani,
Februari 1996

Kwa Dada Skolastika, Shanwe, Mpanda,

Shikamoo dada. Habari za hapo nyumbani, na miguu ya Bibi inaendeleaje? Mahindi yamesimama, au mvua imewafanyia vituko tena? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inauma mpaka kwenye meno, na mikono imechubuka kwa kufua mashuka ya hospitali. Barua yako imefika ikinukia moshi wa jikoni kwako. Niliisoma nimesimama mlangoni, hata koti sijavua.

Unasema Gaspari wako anaoa baada ya Pasaka, na siku hiyo Bibi atamvisha kibangwa cha babu mbele ya ukoo wote. Nimefurahi. Hapana, nisikudanganye: kwa harusi nimefurahi, kwa kibangwa nimenuna. Tangu tukiwa wadogo Bibi alikuwa akilifungua lile gamba jeupe la duara kutoka kwenye kitambaa chake na kukuvisha wewe shingoni, kwa kuwa wewe ndiwe wa kwanza, na mimi natumwa maji. Sasa kinaniruka tena, kinaenda kwa mwanao. Haya, sawa.

Lakini kuna jambo limenikuta huku, na nakuomba ulisome lote kabla hujakasirika.

Hapa kazini nipo na Mtanzania mwenzangu, Zaina wa Ujiji. Ni mtu mwema, ila ananichosha, maana kila mtu anampenda yeye. Akianza habari za bibi zake, hata msimamizi wetu anaacha kazi amsikilize, na Kijerumani chenyewe anakivunjavunja. Mimi nikisimulia, watu wanaangalia saa. Basi siku moja pale kituo cha basi nikaona tangazo la jumba la makumbusho. Wameweka picha ya rangi ya mwanamume mrefu, manyoya kichwani, gobore begani, na kifuani kibangwa kama chetu. Chini wameandika kwamba ilichorwa na Mjerumani mmoja wa zamani, aliyepita njia ya kutoka ziwani kwenda Tabora. Moyo uliniruka. Si ndiye babu anayeimbwa na Bibi, mkuu wa misafara ya pembe za ndovu, aliyefika pwani akarudi? Kama si yeye, ni mwenzake. Nikawatangazia wote kazini kwamba yule wa kwenye tangazo ni wa kwetu. Siku hiyo Zaina alinyamaza akanisikiliza mimi. Niliona raha sana.

Jumapili tukaenda kuitazama, Zaina, mimi na wenzetu wengine, nami nimetangulia kama mwenye nyumba. Picha yenyewe imejaza ukuta. Kumbe kwenye tangazo walikuwa wamekata kipande tu. Nyuma ya mwenye kibangwa kuna watu, dada. Wamefungwa makongwa, ile miti ya panda, shingoni, wanaume kwa wanawake, na juu ya hayo wamebebeshwa pembe. Pembe tulizokuwa tukiimbiwa ndizo hizo. Mwisho kabisa wa mstari kuna mwanamke aliyefunga mbeleko mgongoni, na ndani ya mbeleko hamna mtoto.

Hakuna aliyenicheka. Afadhali wangenicheka. Zaina alinipita, akaenda kusimama mbele ya yule mwanamke, akasema kwa Kiswahili:

"Bibi yake bibi yangu alivushwa ziwa toka Manyema mgongoni kwa mama yake. Ujiji wakawatenganisha. Mtoto akabaki, mama akapelekwa mbele. Sijui kama ni huyu. Lakini mimi namchukua huyu."

Akalia. Mama anayelinda chumba akamletea kiti chake mwenyewe. Wenzetu wakamshika mabega. Mimi nimebaki upande wa pili na babu yangu. Na unajua niliona nini? Si huruma. Wivu. Mtu anamlilia mama wa bibi ya bibi yake, nami namwonea wivu, kwa sababu wa kwake anaweza kumlilia mbele za watu. Mimi wangu nimfanyeje?

Kwenye basi akaniuliza taratibu, "Na nyie kwenu, mna jina hata moja la hao wa nyuma?" Nikafikiri. Jina la babu tunalijua, na la baba yake. Hata lile gobore lina jina, Bibi hulitaja akimsifu. Nikamwambia hatuna. Akatoa chapati kwenye mkoba, akanikatia nusu. Wema wake nao ukaniudhi.

Nisalimie shemeji, mwambie apunguze ugoro. Nisalimie mama mdogo pale sokoni Kashaulili, na mjomba wa Katumba akija na tumbaku yake. Mkwe wako mpya mkaribishe kwa niaba yangu. Bibi mshikie miguu, lakini barua hii usimsomee. Kaa naye tu siku moja umuulize wale watu walikuwa nani, na walipelekwa wapi.

Siku ya harusi, Gaspari mvisheni. Ila ngoma ikitulia, simama useme mbele ya ukoo kwamba babu hakutembea peke yake, nyuma yake kulikuwa na watu shingoni wana miti. Ukiona mdomo mzito, basi msimvishe. Kitunze mpaka nije, nitakivaa mimi na nitayasema mwenyewe. Umeona, dada? Hata baada ya kuwaona wale watu, bado natafuta njia ya kukipata.

Mdogo wako,
Yustina