Siki ya achari ya maulidi

Tuhfa, pokea simu!

Mize kampasua kichwa muuzaji wa lile duka la Wachina, Usagara. Kwa karai! Karai la chuma nililokuwa nalichagua mimi, kanipokonya mkononi.

Kaja na ile chupa aliyotilia achari ya maulidi. Leo ndiyo simu imemtafsiria maandishi: si siki, ni pombe ya mchele. Pombe, shoga! Na shehe aliomba aongezewe!

Damu mpaka kwenye tambi. Muuzaji analia: "Mimi sikusema siki! Nani kakwambia siki?"

Mize karai kaliinua tena. Akasita. Akasema, "Tuhfa."

Kapanda bodaboda, anakuja huko Mabawa. Karai kaenda nalo.

Funga mlango!