Brigida Ndani ya Mashua

Ijumaa, 13 Juni 1794. Napoli

Jana usiku nyumba ilitikisika. Baba anapiga mluzi! Mlima ukiamka, na biashara inaamka. Mteja wetu Mwingereza anataka picha ya Vesuvio inayotema moto, tena iliyochorwa papo hapo, mchoraji akiutazama mlima. Papo hapo! Mchoraji ni mimi, na dirisha langu linatazama kisima cha uani. Tangu mikono ya Baba ianze kutetemeka, mimi nachora, yeye anatia sahihi. Mteja asijue — kwa hiyo mimi nafungiwa chumbani kwa ufunguo.

Jumatatu, 16 Juni

Mlima umepasuka. Jana, baada ya chakula cha jioni. Baba alipanda juu ya paa, akawa ananitajia rangi kwa kelele kupitia tundu la ngazi.

"Fortunata! Nyekundu — si hiyo yako ya nyanya, iliyoiva zaidi! Moshi mweusi, mweusi wa sufuria!"

Nikauliza moto unaelekea wapi. Akanitajia rangi ya majivu. Nikauliza tena.

"Kulia."

Kulia ni Torre, mji ulio chini ya mlima. Dada yangu Brigida ameolewa Torre, ana mtoto mchanga. Nilipiga mlango hadi ngumi zikavimba.

"Chora," Baba akasema. "Ukifika huko utafanya nini, utaupuliza uzimike?"

Namchukia. Nimechora.

Jumanne, 17 Juni

Majivu hadi ndani ya vikombe vya rangi. Jirani yetu Zeza alipaza sauti kutoka kisimani: Torre hakuna tena, umebaki mnara wa kanisa. Wengi waliwahi mashua. Wengi — si wote! Zeza alikuwa anarudi tena darajani, ambako watu wamepeleka sanamu ya Mtakatifu Januari, mlinzi wa mji, iuangalie mlima uso kwa uso. Nikamsihi amuulizie Brigida. Akasema kule kila mtu anamuulizia mtu wake.

Sehemu ya mbele ya picha nimechora mashua. Ndani yake Brigida, shali yake ya manjano, mtoto kifuani. Nimemchora vizuri kuliko moto wenyewe. Basi yumo, amepona. Nimelala kidogo.

Jumatano, 18 Juni

Mwingereza amekuja. Nimemsikia nyuma ya mlango: ajabu, ajabu kabisa! Ila yule mwanamke wa manjano anavuta macho, moto unapwaya. Aondolewe.

Baba akaingia na picha. Akaitazama shali. Yeye ndiye aliyeinunua, siku ya harusi.

"Ni rangi tu, mwanangu."

"Aliye hai hafutwi kwenye picha, Baba. Ni mkosi. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo."

Ameweka mezani kitambaa kibichi, na ufunguo kando yake. Nikimfuta, mlango wazi, niende nikamtafute.

Baba amekaa kwenye kiti changu. Analia, lakini haondoi kitambaa. Nimemwambia nangoja karatasi ikauke kwanza.

Ilikauka tangu asubuhi.