Taa Nyekundu Isiyowaka

Jumatatu, 3 Machi

Nimekabidhiwa funguo za gari la ofisi. Sikuomba. Mkuu aliuliza kikaoni nani ana leseni, na mimi, kwa mazoea ya mtu aliyelelewa na madarasa, nikanyoosha mkono. Peke yangu.

Dereva wetu, ambaye kila mtu humwita Mjomba ingawa si mjomba wa yeyote pale, ana mtoto wa jicho. La kulia limeshafanyiwa upasuaji, la kushoto linangoja. Daktari amemkataza usukani, kwa hiyo wamemweka mapokezi, awaandikishe wageni ambao hawaji. Mimi nitaendelea na kazi yangu ya ghalani, kuandika hati za katoni za vitabu vya shule zinazotoka, na juu yake niendeshe.

Saa ya chakula nilikwenda kuliangalia gari. Nikageuza ufunguo nusu tu. Dashibodi nzima ikawaka, nyekundu, njano, kijani — kama watu waliokuwa wakinisema wakashtuka nimeingia. Nikazima. Nikarudi kula mezani pangu. Wenzangu hula chumba cha uhasibu na mlango umefungwa, kwa ajili ya kiyoyozi. Nadhani ni kwa ajili ya kiyoyozi.

Mwisho wa mwezi huu muda wangu wa majaribio unakwisha. Mkuu ndiye anayeamua kama nabaki.

Jumanne, 4 Machi

Kwenye kijidroo cha mbele ya abiria kuna kitabu cha gari, bado kimo ndani ya nailoni yake. Hakuna aliyewahi kukisoma! Nimekuja nacho nyumbani.

Nyekundu: simama sasa. Njano: nenda, lakini shughulikia mapema. Kijani na buluu: nakuarifu tu. Afadhali. Ningependa na watu wawe na rangi.

Leo nimeendesha hadi posta na kurudi na handibreki imevutwa. Taa yake ilikuwa inawaka njia nzima, duara jekundu lenye alama ya mshangao ndani, nikadhani inawaka kwa vile ni mara yangu ya kwanza. Mlinzi wa geti alinusa hewa, akauliza nachoma nini humo ndani.

Alhamisi, 6 Machi

Taa ya njano yenye umbo la injini imewaka, haikuzimika. Nilimpigia dada. Alinisikiliza akiwa anamvalisha mtoto viatu, akaniambia yeye anajua gari kwa rangi yake tu, nimuulize mtu wa huko. Mtu wa huko nani?

Nikamfuata Mjomba mapokezi. Hakuinuka hata kwenye kiti. Aliniuliza kama nimetoka kutia mafuta. Nimetoka. Akasema nikakaze kifuniko cha tangi mpaka kilie, kisha nivumilie siku mbili tatu, itazimika yenyewe. “Gari linakudekea,” akasema. “Limeshakujua wewe mpole.”

Kisha akanimiminia chai kutoka chupa yake. Kikombe cha pili alikuwa nacho tayari ndani ya droo. Hakuuliza nimetoka wapi wala nimesoma nini. Aliniita mpwa wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nilipeleka pakiti mbili za Hisabati, Darasa la Sita. Nimeziweka kiti cha mbele. Taa ya mkanda ikawaka na kulia: ti, ti, ti. Kiti kinapima uzito tu, kikishahisi kitu kinadhani ni mtu. Nikavifunga mkanda vitabu. Kikanyamaza.

Tukaenda hivyo, mimi na Hisabati. Nilijikuta nikisema “samahani” tulipopita kwenye shimo.

Jumatatu, 10 Machi

Taa ya injini imezimika. Mjomba alijua.

Lakini kuna jingine. Leo nimefanya kama kitabu kinavyoelekeza: ufunguo nusu, usiwashe injini, tazama. Taa zote za hatari lazima ziwake kwanza, halafu injini ikiwaka zizimike. Ndivyo gari linavyoonyesha kwamba kila taa ni nzima. Nimekaa na picha ya kitabu mapajani, nikazilinganisha moja moja. Betri ipo. Breki ipo. Mkanda upo. Ile ya kibirika chenye tone mdomoni, ya oili ya injini — haipo. Haiwaki.

Nimerudia mara kadhaa. Pale mahali pake pana giza tu.

Kitabu kinasema taa hiyo ikiwaka safarini, zima injini papo hapo, oili haisukumwi tena na vyuma vinasagana. Kinasema pia kwamba isipowaka kabisa, usiendeshe mpaka fundi aangalie. Muda wote huu nimekuwa nikiogopa zinazowaka.

Jumanne, 11 Machi

Nilimuuliza Mjomba kwenye chai. Aliweka kikombe chini. Akaangalia mlango wa Mkuu, kisha akaniambia nisogee.

Mwaka jana taa ile ilikuwa ikipepesa. Akamwambia Mkuu, akaambiwa angoje. Akamwambia tena. Siku moja ikawaka barabarani, akaegesha kama inavyotakiwa, Mkuu akachelewa kikao cha makao makuu. Palepale barabarani Mkuu alimwambia ikiwaka tena atafute gari la kwao aendeshe. Basi Mjomba akaenda kwa fundi rafiki yake, wakachomoa waya kwenye kitambuzi cha oili, wakaufunga kwa uzi pembeni. Akamwambia Mkuu imetengenezwa. Mkuu akafurahi, akampa na pongezi mbele ya watu.

Nilimuuliza kama hakuogopa. Alisema aliogopa kila siku, ila mguu wake ulikuwa unalijua gari lile. “Sasa mguu ni wako,” akasema.

Halafu akasema jambo ambalo sikutaka kulisikia. Jicho la kushoto linafanyiwa mwezi ujao, kwa bima ya ofisi. Akifukuzwa leo, bima inakwisha leo.

“Sijakuomba useme uongo, mpwa. Nakuomba usiseme.”

Jumatano, 12 Machi

Siku njema! Niiandike vizuri.

Mapema, kabla watu hawajafika, tulifungua boneti. Nikachomoa kijiti cha oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena: iko chini ya alama ya chini. Nikaongeza mpaka ikafika kati ya alama mbili. Mjomba akanielekeza waya ulipo kwa kidole, yeye haoni tena mambo madogo kama hayo. Nikakata uzi, nikauchomeka waya. Mikono myeusi, shati nalo halitamaniki.

Ufunguo nusu. Kibirika kikawaka, chekundu, kizuri! Nikawasha injini. Kikazimika.

Kumbe ilikuwa njaa ya oili tu. Mjomba alipiga boneti kofi kama anampongeza mtu. Tulikunywa chai tumesimama. Alinisimulia alivyowahi kumpeleka Mkuu kwenye msiba wa watu wasiowajua, wakakaa mpaka chakula kikapakuliwa ndipo wakagundua. Nilicheka mpaka mwenzetu mmoja wa uhasibu akafungua mlango kuchungulia. Akauliza kuna nini. Nikasema hakuna. Alisimama kidogo, kama anayengoja aambiwe, kisha akafunga.

Ningemwambia kisa cha msiba.

Ijumaa, 14 Machi

Imepepesa.

Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya mjini, jua kali, injini imeshapata moto. Kibirika: wekundu, giza, wekundu. Nilipokanyaga mafuta kidogo kikatulia. Nimeegesha, nimengoja ipoe, nimepima. Oili ipo. Kwa hiyo si njaa. Ni ugonjwa wenyewe, wa tangu mwaka jana.

Nilimweleza Mjomba. Kisha akanikumbusha kwamba Jumanne nampeleka Mkuu tawi la ng'ambo ya mlima. Mkuu hukaa mbele, haendi kiti cha nyuma, anapenda kuona njia. Ataiona. Na akiiona atauliza imekuwaje taa iliyotengenezwa.

Akaniomba niuchomoe waya. Siku moja tu, kwenda na kurudi. Mlima ule yeye ameupanda miaka na gari halijawahi kumwangusha.

Nilisema nina hati za kuandika. Sikuwa nazo.

Jumamosi, 15 Machi

Nilimpigia dada, nikamweleza yote tangu mwanzo. Kwake kulikuwa na wageni, sufuria, mtoto analia. Alisema mbona jambo lenyewe jepesi, nimwambie bosi basi. Nikamwambia habari ya jicho. Akasema hapo sasa hajui. Akasema atanipigia baadaye tuongee vizuri.

Nimefua shati. Alama ya oili haikutoka.

Jumapili, 16 Machi

Dada hajapiga. Sikuongea na mtu leo. Jioni nilisema “asante” dukani, sauti ikatoka imekwaruza, muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimejaribu. Mungu anajua nimejaribu.

Niliingia kwa Mkuu na maneno nimeyapanga: gari lina hitilafu ya mgandamizo wa oili, naomba liende gereji kabla ya safari. Sikumtaja mtu. Mkuu alikuwa anasaini, hakuinua kichwa. Akaniambia niongeze oili. Nikasema nimeongeza. Akasema basi lina oili, tatizo liko wapi? Nikaanza kueleza habari ya pampu ya oili, akaanza kutabasamu. “Kijana, wewe unasoma mno. Mjomba kaliendesha gari hili miaka bila kusoma hata ukurasa.”

Nilikuwa na jibu. Lingenipa mimi gereji, nalo lingempa Mjomba barua ya kufukuzwa.

Nikasema ndiyo, Mkuu.

Mlangoni akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba makao makuu wanataka jina langu wiki hii, la kubaki au la kuondoka. Yeye hataki mtu wa kuogopa kivuli. Tuone kesho.

Nilipopita mapokezi kikombe cha pili hakikuwa mezani. Mjomba aliniuliza tu, akiangalia kitabu cha wageni asichoweza kukisoma vizuri, “Umeuchomoa?”

Nikasema bado.

Jumanne, 18 Machi

Niko barabarani. Sijui kwa nini nilibeba daftari hili leo, ila nashukuru mikono ina la kufanya.

Asubuhi nilifungua boneti. Vidole vilikuwa juu ya waya. Niliushika — mwepesi, mtu angeweza kuuchomoa bila hata kutaka. Niliona Mjomba amesimama dirishani pa mapokezi, uso umeelekea kwangu. Sijui kwa jicho lile alikuwa anaona nini. Nikafunga boneti. Sikuuchomoa. Sikuwa shujaa, niliogopa tu, kama kawaida, ila leo niliogopa mlima kuliko watu.

Mkuu hakufunga mkanda. Ti, ti, ti, mpaka nikamwomba. Alifunga huku akisema gari limekuwa na kelele tangu aondoke Mjomba.

Mwanzo wa mlima kibirika kilitulia. Katikati tukabanwa nyuma ya lori lililopakia mawe, gia ya kwanza, jua kwenye kioo. Kikapepesa. Nikakanyaga mafuta, kikazimika. Kikapepesa tena. Mkuu alikuwa anaongea habari za tawi. Halafu kikawaka, kikakaa. Nikakanyaga, hakikujali.

Niliwasha indiketa, nikatoka nje ya lami, nikazima injini. Kimya kikawa kikubwa ajabu.

Mkuu aliniambia niendelee, kilele si pale tu? Wanatungoja. Nikasema hapana. Nadhani ni mara ya kwanza kumwambia mtu mzima hapana bila kuongeza samahani.

“Mkuu, nikiliwasha sasa hivi, injini itakufa hapahapa. Au itakufia kwenye kona, breki nazo ziwe nzito. Siendeshi.”

Nilingoja anifukuze. Badala yake akainama, akaitazama dashibodi, ile sehemu yenyewe. Akaikumbuka. Niliona anavyoikumbuka.

“Si ndiyo ile? Ile si ilitengenezwa?”

Niligeukia kioo cha pembeni. Akarudia, taratibu zaidi. Nikasema labda atafute mtandao apige simu gereji watuvute, hapa chini ya mwamba simu hazishiki vizuri. Akashuka. Sasa anatembea kandokando ya barabara, koti begani, simu imeinuliwa juu. Malori yanampita. Anaonekana mdogo kuliko ofisini.

Nimegeuza ufunguo nusu, bila sababu. Zote zimewaka. Nayo imo.

Kama nitasema haikutengenezwa, Mjomba atakuwa nje ya ofisi kabla hatujavutwa kufika mjini. Kama nitasema ilitengenezwa ikaharibika tena, watairekebisha pampu, jicho litapona, na mimi nitakuwa mtu ambaye Mjomba anamwekea kikombe. Na Mkuu ataendelea kudhani kwamba dereva akisimama njiani anastahili kutishwa. Atamtisha na anayekuja. Kuna sentensi moja ingebidi niiseme na sijui kama ninayo: kwamba Mjomba alimwambia. Mara mbili. Na kwamba mara ya tatu alisimama, kama nilivyosimama mimi leo.

Amepata mtandao. Anaongea, mkono mmoja sikioni. Amegeuka, anarudi huku.

Simu yangu inaita, hata hapa chini ya mwamba. Ni Mjomba.

Mkuu bado anaongea na yake. Angekuwa anaongea na Mjomba, Mjomba asingeweza kunipigia mimi. Kwa hiyo hajamuuliza. Kwa hiyo bado hajui. Kwa hiyo neno la kwanza ni langu, na akifungua mlango huu nitaisema ile sentensi: Mjomba alikuambia, mara mbili.