N ni Nenda

2 Februari

Kwako binti yangu,

Salamu zangu uzipokee umekaa, maana ni nyingi, ukizipokea umesimama zitakuangusha. Hujambo? Kikohozi kimekuachia? Mimi sijambo. Mguu wa kushoto ndio una maneno, lakini siujibu.

Pikapu imefika. Jirani wote wametoka kuiangalia, hata wale tuliokosana nao. Nyeupe, ndefu, nyuma inabeba magunia mpaka uchoke wewe kupakia. Dereva uliyemtuma alitaka kukaa siku nzima anifundishe. Nikamwuliza amezaliwa lini. Aliponitajia, nikamwambia mwaka huo mimi nilishavusha lori la magogo kwenye daraja lililokuwa linacheza kama jino la mtoto. Akanipa ufunguo, akapanda basi lake.

Kile kijitabu kinene cha maelezo ya gari nimekiweka chini ya mguu wa meza. Meza imetulia.

Neno langu moja tu: mbona haina klachi? Umemnunulia baba yako gari la mgonjwa? Badala ya gia kuna kijiti na herufi. Basi, herufi nazijua. Shule yetu iliezuliwa paa na upepo, na mimi nikatoka na upepo huohuo, lakini herufi nilishazibeba. Nimezisoma zote na nimezielewa, usiwe na shaka. Halafu linalia pi pi pi mpaka ufunge mkanda. Nimeufunga nyuma ya mgongo wangu, limenyamaza. Gari halinishindi ubishi.

Unajua sifa yangu barabarani. Miaka yote ile sikutia fri mteremkoni hata mara moja. Wenzangu walikuwa wakifika kilele wanatoa gia, lori linaserereka lenyewe, wanasema wanaokoa mafuta. Wameokoa kweli, hawatumii mafuta tena, tumewazika. Mimi niko hapa naandika.

Kipara kinyozi anakusalimu. Anasema ukija atakunyoa bure. Nimemwambia wewe ni mwanamke, akasema basi nusu bei.

Simu uliyoniletea ilikuwa inaongea yenyewe mfukoni. Nimeipumzisha kabatini. Mwenye neno aandike, kondakta wa basi yupo.

Ni mimi baba yako mzazi, mzee wa magogo.


14 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia gari limefika. Kikohozi kimepoa, namshukuru Mungu. Kazini tunaenda hivyohivyo.

Baba, hukuniambia kama umekwenda kliniki. Gari sikulinunua ili jirani waliangalie. Nililinunua kwa sababu ya mguu. Kile kidonda ulichonificha nilikiona siku ile ulipovua kiatu ukidhani nimelala, na harufu niliisikia. Nilikusihi uje ukae na mimi, ukasema utakufa kwenye kitanda chako. Nikasema sawa, basi uwe na usafiri wa kukufikisha kwa daktari.

Sasa nakuambia waziwazi, usinikasirikie. Mwezi wa tatu ukiisha nachukua likizo nakuja huko. Ukinipeleka kliniki mwenyewe, kwa gari lako, nikaona unaliweza na mguu unatibiwa, utabaki nyumbani kwako na sitafungua mdomo tena. Ukishindwa, gari tunamwachia Kipara, na mimi na wewe tunapanda basi pamoja. Kitanda nimeshakitandika.

Usiniambie habari ya daraja na magogo. Niambie habari ya kliniki.

Mwanao akupendaye.


26 Februari

Binti yangu,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa na afya na hasira zako zimeshuka. Mimi sijambo, ila shingo. Shingo imekakamaa, nikitaka kumwona mtu wa kushoto inabidi nigeuke mwili mzima kama fisi.

Chumba chako nakikumbuka. Ghorofa ya tano, ngazi zisizo na huruma, dirisha linaangalia ukuta wa jirani. Nikisimama katikati nikanyoosha mikono, nagusa ukuta huku na ukuta huku. Nililala humo ile wiki nikajiona nimezikwa, ila wamesahau udongo. Kwa hiyo kitanda ulichotandika, kitandue.

Umesema nikuambie kama gari naliweza. Soma uone.

Nyumba yetu iko juu, kwa Kipara ni chini, unajua. Asubuhi napanda, nafunga mkanda mgongoni, nalipiga stata. P ni Pumzika, hiyo haina ubishi, ukiiweka gari limepumzika. Natia N. N ni Nenda. Nikiachia breki linakwenda zake polepole mpaka mlangoni kwa Kipara bila hata kugusa mafuta. Tunaongea, tunasema watu, jua likipungua narudi. R ni Rudi. Natia R, nageuza shingo, linapanda mlima kinyumenyume mpaka uani kwangu. Hakuna kugeuza gari, hakuna kupoteza muda. Waliotengeneza ni watu wa akili sana, wamefikiria kwenda na kurudi kila kimoja na herufi yake. Mwanzo watu walicheka. Sasa wamezoea, wanasogea pembeni wakiona taa za nyuma zinapanda.

D ni Dharura. Hiyo siigusi. Ya nini kumwamsha nyoka aliyelala?

Kliniki sijaenda. Iko kwenye barabara ya tambarare, na gari hili halipendi tambarare. Nikitia Nenda likifika pale kwenye usawa wa mashine ya kusaga, linasimama kama punda. Nimelisema sana. Nitapata dawa yake kabla hujaja.

Na kuna ujanja nimeugundua. Kwa kuwa Nenda haitaki mafuta, injini inanguruma ya nini? Kuanzia kesho nitakuwa nashuka nayo imezimwa. Kipara amesema mzee una kichwa. Nimemwambia wewe ndiye una kichwa, mimi nina akili.

Mguu umevimba kidogo. Kiatu nimekiacha.

Baba yako, bingwa wa kwenda na kurudi.


5 Machi

Baba, shikamoo. Sikuulizi habari.

Acha hilo gari. Ukiipata barua hii, chomoa ufunguo, mpe Kipara aufiche.

N si Nenda. N ni fri, Baba. Ni ileile fri ya wenzako mliowazika. Gari haliendi, linaserereka, na linasimama kwenye usawa kwa sababu hakuna kinacholivuta. Na ukizima injini mteremkoni ni vibaya zaidi. Ukikanyaga breki mara ya kwanza na ya pili itakubali, baadaye pedeli inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani unakuwa mzito huugeuzi kwa mikono yako hiyo. Mkanda ufunge kifuani, ndiyo kazi yake.

Nimempigia kila mtu mwenye simu huko, hakuna anayepokea. Nimempa kondakta bahasha hii nikamwambia ikichelewa nitamdai baba yangu.

Mwanao.


6 Machi

Binti yangu,

Salamu kutoka kitandani, na si kile cha kwangu wala kile ulichotandika. Mimi ni mzima. Nakuandikia leo ili usisikie kwa watu, watu hawajui kusimulia. Barua yako sijaiona, labda iko njiani.

Jana nilikuwa nashuka na Kipara pembeni yangu. Alikuwa amekwenda kuninyoa nyumbani kwa sababu mguu umekataa kushuka kitandani, nikasema nitamrudisha dukani. Injini imezimwa, kimya, tunasikia ndege. Nikagusa breki, ikakubali. Nikagusa tena, ikakubali shingo upande. Mara ya tatu nikakanyaga, binti yangu, kama nimekanyaga kaburi. Pale kwenye kona ya kwa Kipara nikavuta usukani kwa mikono miwili, na Kipara akauvuta kwa mikono yake miwili, mikono minne, ukatuangalia tu. Tukalipita duka lake. Akalipungia mkono, nadhani alikuwa analiaga.

Mbele hakuna barabara, kuna kile kichochoro kati ya ukuta wa mashine ya kusaga na ukuta wa ghala, wanapopita wenye mikokoteni. Gari likaingia humo lenyewe. Vioo vya pembeni vikakunjika, mabati yakalia, tukaenda tukaenda, tukabanwa, likasimama. Paji la uso nimelipiga kwenye usukani. Mkanda ulikuwa mgongoni, sina cha kuusemea.

Mlango wangu haufunguki, ukuta. Mlango wa Kipara haufunguki, ukuta. Kioo nimekishusha, nje yake tofali, naweza kuhesabu chembe za mchanga. Nikanyoosha mikono nikagusa huku na huku, nikasema kimoyomoyo, kumbe chumba cha binti yangu kimenifuata.

Watu wakajaa nyuma na mikokoteni yao ya unga. Wanawake wa mashineni wakapiga kelele nisirudi nyuma, nitaua mtu. Kwa hiyo Rudi ikafungwa. Nenda tulishakwenda, haina kitu. Joto likapanda. Vumbi la unga likaingia dirishani, kichwa cha Kipara kikawa cheupe kama andazi kabla ya kukaangwa. Mguu ukaanza kupiga kama ngoma, na ile harufu uliyoisema safari hii niliisikia mimi mwenyewe, maana hapakuwa na pa kuikimbilia. Kipara naye aliisikia. Akavuta kola ya shati akaziba nayo pua.

Tulikaa vile muda mrefu. Jua likahama kutoka tofali moja hadi jingine. Mwisho Kipara akasema, "Mzee, hii si dharura?"

Nikamwambia dharura ipi, gari limesimama, hakuna aliyekufa.

Akasema, "Tazama mguu wako. Kama hii si dharura, basi uniambie dharura ikoje, niwe naijua."

Nikautazama. Nikamwambia afunge mkanda wake, na mimi nikauvuta wangu kutoka mgongoni nikaufunga kifuani. Nikalipiga stata. Nikabonyeza kile kitufe chekundu chenye pembe tatu, taa zikaanza kukonyeza pande zote, maana kama ni dharura watu wajue. Halafu nikakanyaga breki nikatia D.

Binti yangu, gari lina nguvu hilo! Liliguna, likakwaruza ukuta huku na huku, likatoka upande wa pili kama kizibo cha chupa. Na upande wa pili ni barabara ya kliniki. Tambarare tupu, na Dharura inakwenda, haisimami, ukikanyaga inazidi. Nikaenda nayo mpaka langoni, taa zinakonyeza, unga unapeperuka nyuma yetu, watu wote wakitupisha. Manesi wakatoka mbio na kitanda cha magurudumu wakamkamata Kipara, kwa ule weupe. Alijitetea sana.

Mimi nilishuka kwa miguu yangu. Nilifika mlangoni, sikufika dawati.

Daktari amesema ningechelewa wiki moja, mguu mzima ungeondoka. Ameondoa vidole vya kushoto, vyote. Nimemwambia havikuwa na kazi. Nasema hivyo mchana.

Kitanda hiki kina magurudumu, na wamekifunga breki. Nimekichunguza, hakina herufi hata moja. Nimelala nimeangalia dari nikijua unakuja na tikiti mbili za basi. Sitagombana na wewe. Nakuuliza tu kama pale kwako dirisha lile linafunguka.

Baba yako.


18 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Pole, na pole tena. Namshukuru Mungu, halafu Kipara. Nesi alinisomea barua yako kwenye simu kabla kondakta hajaichukua, anasema wodi nzima inaijua.

Barua yangu ya tarehe tano umeipata baada ya kazi kwisha. Sirudii yaliyomo. Fri umeielewa, najua imekuuma kuliko vidole.

Lakini D hujaielewa bado. Umesema ni Dharura, na manesi wanasema hata siku uliyotoka wodini uliuliza kama taa za kukonyeza lazima ziwashwe. Zile ni za kuwaambia watu gari limekwama. D si Dharura, Baba. D ni Dereva. Ndiyo herufi ya kuendea kila siku, kupanda na kushuka na kwenye usawa, injini ikiwaka. Ukiiweka hapo ndipo gari linajua kuna mwenyewe.

Na si gari la mgonjwa. Nilitafuta lisilo na klachi kwa sababu klachi ni mguu wa kushoto. Hili linaendeshwa kwa mguu wa kulia peke yake, na huo unao.

Dirisha la kwangu halifunguki. Limepigwa misumari tangu nihamie.

Nakuja Jumamosi. Ahadi yangu ni ileile. Utanichukua stendi, utanipeleka kliniki wakubadilishie bandeji, na nitakuwa nimekaa kiti cha mbele macho yangu yote mawili kwenye mikono yako.

Mwanao.


2 Aprili

Binti yangu,

Natumai umefika salama na ngazi zako zimekupokea vizuri. Mimi sijambo. Kidonda kinakauka. Kipara hajambo, amepaka duka lake rangi nyeupe, anasema imempa bahati.

Umesahau kitambaa chako kwenye kiti cha mbele. Kilikuwa na udenda wa usingizi. Sikukuambia siku ile kwa sababu ulikuwa na sura ya mtu mwenye mtihani wa kusimamia, lakini nakuambia sasa. Kutoka stendi mpaka kliniki ulilala. Ulifunga mkanda, ukanikazia macho mpaka kwenye daraja, halafu kichwa kikaegemea kioo, mdomo wazi, kama ulivyokuwa unalala ndani ya lori langu ukiwa mdogo. Kwenye ule mteremko mrefu wa kutoka stendi nilishika kijiti, nikakiacha palepale kilipo, nikashuka polepole usiamke.

Tulipofika ukashtuka, ukaniuliza tunaanza safari saa ngapi.

Kitambaa nimekifua. Kiko ndani ya bahasha.

Baba yako,
D.