Boksi Lililovishwa Koti

Jumatatu, 2 Machi

Kwa Shangazi yangu, cherehani isiyokata uzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Yale maumivu ya upande wa kushoto yamehama au bado ni mpangaji? Mimi mzima kabisa, nimenenepa mpaka wateja wa duka hili la elektroniki wananiita bosi wakati Bosi mwenyewe amesimama pale.

Pamoja na barua hii, dereva wa lori la magodoro atakukabidhi mzigo. Ufungue ukiwa umekaa. Ni boksi la Android la kuweka kwenye TV, ile yako ya zamani isiyojua intaneti. Ukilichomeka, TV inapata akili. Jumamosi tarehe 28, saa nane mchana, dada, binti yako, akila kiapo cha uuguzi kule ng'ambo, chuo chao kitarusha moja kwa moja, na wewe utamwona ukiwa kwenye kiti chako, miguu juu ya stuli.

Kulichagua nilitumia siku nzima. Bosi alitaka nikuletee lingine, jeusi, dogo kama kipande cha sabuni, eti hilo ndilo limethibitishwa na litakuwa linapata masasisho. Nikamwuliza, taa ziko wapi? Halina. Antena? Halina. Sasa huo si msiba? Hili langu lina antena mbili kama mende na taa inayobadilika rangi saba. Kwenye kasha wameandika 8K, RAM 8. Kila kitu nane! Kizuri chajiuza, Shangazi.

Maelekezo: waya bapa unaingia kwenye TV, mwingine kwenye umeme. Shika rimoti, tafuta waifai, andika neno la siri. Boksi ulitunze kama mtoto mchanga. Bandika karatasi hii ukutani. Najua hupendi kuelekezwa kwa simu.

Wako mtoto wa kaka,
Fundi Mkuu


Jumamosi, 7 Machi

Kwa mtoto wa kaka yangu, mdomo usio na breki,

Marahaba. Goti halijahama, ila limezoea. Umekula? Kunenepa kwa barua hakunishibishi mimi.

Ni kweli kwa simu sitaki. Ukiongea unakimbia kama cherehani iliyokatika mkanda, nikikuambia rudia unasema tayari. Kwenye karatasi nakushika.

Mzigo umefika. Nilichomeka kama ulivyoandika, TV ikasema hakuna mawimbi. Nikakaa nayo saa nzima tukitazamana. Fundi Mkuu hukuandika kwamba TV ina matundu matatu yanayofanana na kwamba lazima kwenye rimoti uchague tundu lile lile ulilochomeka. Nimegundua mwenyewe kwa kubonyeza kila kitu. Ujazie hilo kwenye elimu yako.

Waifai nimeomba kwa jirani msusi. Amenipa, lakini kwanza alinifanya nimsikilize robo saa akisifia TV yake inavyoshika kila kitu bila boksi. Nikavumilia.

Basi likawaka. Taa zinapendeza, sikatai. Tukaangalia mwanamume mmoja anapika. Baada ya nusu saa hivi akainua kisu juu ya kitunguu, akabaki hapo hapo. Tukangoja. Kitunguu kimenusurika mpaka leo. Msusi alicheka mpaka akashika ukuta.

Na mimi nimeshaalika mtaa mzima tarehe 28. Kwa hiyo niambie, linaumwa nini? Methali yako pia hukuimaliza. Kibaya chajitembeza, na hili limetembea kwa lori.

Shangazi yako


Jumanne, 10 Machi

Kwa Shangazi mpendwa, daktari wa matundu matatu,

Shikamoo tena na tena. Huku salama, isipokuwa Bosi alisoma barua yako juu ya bega langu na sasa ananiita Kitunguu.

Usiwe na wasiwasi hata chembe. Ugonjwa huo naujua kama ninavyoijua mifuko yangu. Ni waifai ya msusi. Mtu anayekunyima furaha atakupa intaneti yenye nguvu? Hamisha boksi lisogelee ukuta wa kwake. Zile antena zisimamishe wima.

Likiganda tena, tiba ya pili, ya mabingwa tu. Pembeni kuna katundu kadogo. Ingiza kijiti cha meno, bonyeza, hesabu polepole mpaka kumi na tano bila kuachia. Litazaliwa upya. Nimewafanyia wateja hapa mpaka wakataka kunibeba mabegani.

Wako,
Fundi Mkuu (jina halijabadilika)


Jumapili, 15 Machi

Kwa Kitunguu,

Marahaba. Wazima wote, isipokuwa boksi.

Nimelisogeza mpaka likagusa ukuta wa msusi. Likaganda. Nimesimamisha antena. Likaganda likiwa limesimamisha antena. Nikachukua kijiti, nikahesabu mpaka kumi na tano, na ishirini nikaongezea kwa hasira. Kweli likazaliwa upya, lakini limezaliwa kwa watu wengine! Maandishi yote yamegeuka vinyumba vidogo vidogo, sijui herufi moja. Msusi akasema, "Jirani, hapo ndipo safari imeishia, njooni tu kwangu hiyo tarehe." Nikamwambia asante, bado sijafa.

Miaka thelathini nashona kwa vitabu vya mitindo vya lugha nisizozijua, nafuata michoro tu. Nikatafuta mchoro wa gurudumu lenye meno, nikaingia, nikajaribu mstari mmoja mmoja. Nilitumia saa mbili na nusu. Sasa linaongea Kiswahili. Wewe ungelia.

Lakini baada ya nusu saa likaganda vile vile.

Sasa sikiliza, niache utani kidogo. Ni miaka minne sasa dada yako sijamtia machoni. Alipoondoka nilikuwa na homa, hata kumsindikiza sikwenda. Siku ile ataita majina ya wazazi na ataapa mbele ya watu, na mimi sitaki kusimuliwa. Nishasimuliwa vya kutosha. Niambie ukweli: boksi hili ni zima au ulidanganywa na taa?

Shangazi yako


Jumatano, 18 Machi

Kwa Shangazi, mkalimani wa vinyumba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya pili bila kucheka.

Haya, ukweli. Nilichukua boksi kama lako dukani, nikalifungua tumbo. Kwenye kasha RAM, ile nguvu yake ya kufikiri, ni nane. Ndani ni moja. Moja, Shangazi! Bosi alienda nyuma ya duka, nikamsikia anacheka peke yake kama mtu mwenye kifafa. Mimi naona watengenezaji walikosea kuandika tu. Hata hiyo 8K ni matumaini yao kwa siku za mbele.

Lakini fundi hashindwi. Fungua mipangilio ya video, shusha ubora mpaka 480. Ndiyo, picha itakuwa na ukungu kidogo, lakini dada tutamjua tu, si ana kichwa kama changu? Programu zote usizotumia zifute. Halafu nifanyie kitu kimoja: likishafanya kazi nusu saa, weka kiganja juu yake. Niambie kama ni la moto. Kuganda baada ya muda ule ule kila siku kunanitia shaka.

Wako,
Fundi (Mkuu nimeliweka pembeni kwa muda)


Jumapili, 22 Machi

Kwa mwanangu fundi,

Marahaba. Afadhali umeniambia. Ningelisikia kwa mtu mwingine ningekukata masikio nikayapindia kama pindo la suruali.

Nimeshusha picha. Nimefuta programu, hata ile ya samaki wanaoogelea ambayo nilikuwa nimeanza kuipenda. Limejitahidi dakika arobaini, kisha likaganda. Naona tunapiga hatua.

Ila hilo la kuweka kiganja siliwezi. Nitaligusaje na limevaa?

Kwani sikukuambia? Siku lilipofika niligeuza nikaona chini limejaa matundu, na ubavuni pia. Vumbi la nyumba hii unalijua, vitambaa vinachanika hapa mchana kutwa. Nikachukua vipimo, nikalishonea koti. Nje kitambaa kizito cha sofa, ndani sponji, bitana ya satini. Vifungo vinne mgongoni. Limebana vizuri sana, matundu yote yamefunikwa, nje zimebaki antena tu na kidirisha cha taa. Wateja wawili wameshaniuliza nitawashonea lini la kwao. Wewe mwenyewe uliandika nilitunze kama mtoto mchanga, karatasi hiyo hapo ukutani.

Jumamosi ndiyo hiyo inakuja. Watu wanaulizana waje na viti au mikeka.

Shangazi yako


Jumanne, 24 Machi

SHANGAZI!

Shikamoo haraka haraka. LIVUE! Livue koti sasa hivi, kabla hujamaliza mstari huu!

Yale matundu ndiyo pua zake! Limekuwa likikimbia mbio likiwa limefungwa godoro usoni. Hata mimi ungenivalisha sponji ukanibana mgongoni na vifungo vinne, ningeganda dakika ya kumi. Ubongo wake ukipata joto unasimama, ndiyo maana kila siku nusu saa, nusu saa. Maskini msusi wa watu, nimemsingizia waifai yake bure.

Fanya hivi. Vua koti. Weka boksi juu ya vifuniko vinne vya chupa ili chini ipite hewa. Liache mbali na ukuta. Elekeza feni, ilikose boksi ikupate wewe, hapana, nimekosea: ilipate boksi, wewe jipepee kwa gazeti. Siku yenyewe usiliwashe asubuhi ili kuwaonyesha watu taa. Liwashe saa nane kasoro kumi, si kabla.

Dereva anapiga honi. Amesema atafika kwako Ijumaa.

Mwanao


Jumanne, 31 Machi

Kwa Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi sijambo kidogo.

Lori limerudi bila barua. Dereva anasema ulipokea ya kwangu, ukasema "haya," ukafunga mlango. Hakusema ulipokea lini, na nilipombana akakumbuka kazi ya kushusha magodoro. Simu yako tangu Jumamosi haipatikani. Nimepiga mpaka yule mwanamke wa "haipatikani" ameanza kunijua.

Mimi nilimtazama dada kwenye simu ya Bosi. Nilimwona alivyoapa, lakini kila nikimwona nilikuwa nawaza, je, Shangazi naye anaona? Kama hukuona, kosa si koti. Kosa ni langu. Bosi aliniambia mara tatu nichukue lile dogo jeusi, nikaona ataniona sijui kazi. Na hiyo kazi yenyewe, Shangazi, mimi hapa nafuta vumbi kwenye vioo na kufungua skrubu zilizokwisha kulegezwa na wengine. Fundi Mkuu alikuwepo kwenye barua tu.

Jumapili ijayo naomba ruhusa nije. Nitalifungua, nitalisafisha, nitaliwekea kipooza joto. Nitukane nikiwa mbele yako, kunyamaziwa kunauma.

Mtoto wa kaka yako


Ijumaa, 3 Aprili

Kwa mwanangu,

Marahaba, tena marahaba kubwa. Sisi wazima, goti limesahauliwa.

Barua yako ya kelele ilifika Jumatatu. Lori lilipasuka tairi mbili, likalala njiani. Kwa hiyo Jumamosi boksi lilikuwa na koti lake, vifungo vyote vinne. Na nililiwasha saa nane kasoro dakika ishirini, kwa sababu watu walitaka kuona taa.

Walikuja thelathini na mmoja. Msusi alifunga saluni, akaketi mbele kabisa asije akapitwa na aibu yangu. Saa nane sherehe ikafunguliwa, tukashangilia. Akapanda mkuu wa chuo. Mwanangu, mtu yule aliongea! Mimi natazama saa, natazama boksi, natazama saa. Nilimwombea mkuu wa chuo wa watu apate kikohozi. Dakika zinakwenda na yeye anashukuru wafadhili.

Ndipo wakaanza kuitwa. Dada yako akatokea, sare nyeupe, amenyooka, kola imepigwa pasi na mtu anayejua pasi. Kamera ikamsogelea mpaka akajaa TV nzima. Akataja jina langu, akainua mkono, akafungua mdomo aape.

Likaganda.

Hakuna aliyecheka. Msusi akasema taratibu, "Zima, uwashe tena, jirani, labda tutawahi." Mkono wake ukaenda kwenye swichi. Nilimshika huo mkono sijui nguvu nimezitoa wapi. Nikasema mtu asiguse. Tukakaa, tukamtazama. Mmoja mmoja wakaanza kuondoka kwa kunyata, kama wanatoka chumba chenye mtu aliyelala. Msusi ndiye alikuwa wa mwisho.

Simu niliizima kwa sababu nilijua utapiga na nilijua utasema nini: zima, washa. Barua yako ilipokuja nilisoma mpaka "livue", nikaikunja.

Leo ni siku ya sita. Umeme haujakatika hata mara moja, sijui nani anauombea. Nashona mbele yake, nakula mbele yake. Nimeona ana kovu dogo kwenye nyusi ambalo hakuondoka nalo hapa, nitamwuliza. Juzi alipiga kwa simu ya msusi, akaniuliza, "Mama, uliniona?" Nikamwambia hata sasa hivi nakutazama. Akadhani namfariji.

Kwa hiyo kujilaumu acha. Uje hiyo Jumapili, utakula, na matusi yako nimeyaweka tayari. Bisibisi uiache huko huko. Na kama utataka kutazama mpira, nenda kwa msusi. TV hii ina mtu.

Shangazi yako