Kidole Gumba na Vidonge vya Siku Nne

Jumanne, wiki ya sita ya dawa za TB. Joto la Chumbageni leo limezidi, hata jani halitikisiki. Nimeketi ukumbini, mguu wa kulia juu ya kigoda, na shuka ikigusa tu kidole gumba natokwa jasho.

Naogopa. Nimeliandika neno hilo na kulifuta mara tatu, sasa naliacha.

Ilianza Ijumaa kwenye swala ya alfajiri. Nilipokaa tahiyatu, kidole gumba cha kulia, kile tunachokikunja kielekee kibla, kilikataa. Nikakilazimisha. Maumivu yakapanda hadi nikasahau nilikuwa nimefika wapi. Adhuhuri kilikuwa kimevimba, kinang'aa, na ukikisogelea unaona kinatoa moto.

Nilidhani TB imeshuka mguuni. Mimi ni mwalimu wa hesabu, basi nikapiga hesabu yangu: kabla ya dawa nilikuwa na kikohozi, baada ya dawa sina mguu. Mkosaji ni dawa. Mwanafunzi wangu angeleta jibu la namna hiyo ningemrudisha akaanze upya.

Nikaacha kumeza.

Sikumwambia mtu. Mke wangu Zuhura ndiye msimamizi wangu, kliniki walimkabidhi yeye kadi. Kila asubuhi hunipa vidonge vinne, hunitazama nikimeza, kisha hutia alama. Jumamosi niliviweka shavuni, nikaenda msalani nikavitema. Jumapili hivyo hivyo, na Jumatatu, na leo. Mwanetu Rahma ana miaka minne, anapewa dawa yake ya kinga kwa sababu yangu, analia kidogo, anameza. Baba yake anatema.

Leo nilishindwa hata kuvaa kandambili. Zuhura akaita bajaji, tukaenda kliniki. Sista, mama wa makamo asiye na haraka, alikitazama kidole bila kukigusa, akasema inaelekea ni gauti. Nikacheka. Kwa mshahara gani? Mimi gauti nilijua ni ugonjwa wa watu wenye kuchinja kila wiki. Akaeleza kwamba miongoni mwa dawa nne zilizomo ndani ya kila kidonge, ipo inayozuia asidi fulani kutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Ikirundikana kwenye kiungo, ndiyo haya.

Akauliza nakula nini. Zuhura akajibu kwa fahari kuwa ni supu ya maini na figo kila asubuhi, maana kila aliyekuja kunijulia hali alisema mgonjwa wa TB ale ashibe. Sista akatwambia supu hiyo tuiache, inachochea. Akachukua damu, akaenda kwa daktari, akarudi na dawa ya maumivu. Akasema miezi miwili ya mwanzo ikiisha vidonge vitabadilishwa, na wengi hupata nafuu hapo. Ila nisiache dawa za TB kwa uamuzi wangu hata siku moja, kwa sababu wadudu wakizizoea, matibabu yake huwa marefu na magumu kuliko haya.

Akaipokea kadi kutoka kwa Zuhura.

"Mwalimu, kuna siku umekosa?"

Nikasema hakuna. Akaitazama kadi, alama zimejaa, akatusifu. Zuhura alikuwa ameinamisha macho.

Tangu turudi nasikiliza kifua changu. Nimekohoa mara mbili. Huenda ni vumbi la bajaji. Rahma alikuja kunilalia kifuani kama kawaida yake, nikamfukuza kwa ukali, akaenda kulia jikoni. Hapo ndipo nilipomwita Zuhura, nikamweleza yote. Nilijua atanifokea. Akakaa chini, karibu na kigoda.

"Nalikuona," akasema. "Jumamosi nalikuona ukivitema. Nikatia alama."

Nikamuuliza kwa nini.

"Usiku ule ulikuwa ukilia, Baba Rahma. Nikadhani nikikulazimisha nitakuua kwa mkono wangu. Na nikiacha pengo kwenye kadi, nitaulizwa mimi."

Kumbe siku zote nne nilikuwa nikimficha mtu anayejua. Sikuwa na la kumlaumu. Akaleta kalamu, akazikata zile alama moja moja. Namba ya sista imeandikwa nyuma ya kadi. Nikapiga palepale, nikijua nikingoja jioni sitapiga.

Hakunigombeza. Aliuliza ni siku zipi, nikazitaja. Kisha akasema nimeze vya leo sasa hivi, mbele ya mke wangu, na nifungue mdomo auone. Nimemeza.

"Kesho asubuhi mje wote wawili," akasema. "Na mtoto mje naye."

Sikuthubutu kumuuliza mtoto wa nini.